Kizimba cha sungura cha ndani: kipi ununue na kipi ukiache dukani

Kabla ya kuvutiwa na rangi ya kizimba, inama utazame sakafu yake. Wayo wa sungura hauna nyama laini ya kukanyagia kama wa paka. Una manyoya tu juu ya ngozi. Akishinda juu ya waya, manyoya hunyonyoka kisiginoni, ngozi huwa nyekundu, kisha hufunguka kidonda, na kikifika mfupani kukitibu ni kazi kubwa. Kucha nazo hunasa kwenye matundu, naye akirusha mateke kwa hofu, ukucha hung'oka au mguu huvunjika.

Nafasi ya kwanza: uzio wa chuma wa kukunja. Paneli nane za upana wa sentimita 60 zinakupa mraba wa mita 1.2 kwa 1.2, sawa na eneo la mita za mraba 1.44, na unaweza kuongeza nyingine baadaye. Kimo kisipungue sentimita 90. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 2.5; kwa watoto wa sungura hata hiyo ni kubwa, kwani kichwa kikipita, mwili hufuata au hukwama. Tandika zulia lisilo na vitanzi vya nyuzi, maana kwenye vigae miguu huteleza ikatanuka. Udhaifu wa uzio huu ni wepesi wake: sungura huuinua kwa pua. Ufunge ukutani, na usiweke boksi karibu na ukingo, atalifanya ngazi. Nyaya za umeme ziwe mbali au ndani ya bomba gumu.

Ya pili: kizimba kikubwa cha mbwa, cha urefu wa sentimita 122 hivi. Komeo lake ni imara. Funika trei yote, hasa ule mwanya kati ya trei na fito. Kikiunganishwa na uzio, mlango ukaachwa wazi, ndiyo mpangilio tunaoupenda zaidi.

Ya tatu: banda la mbao. Linapendeza, ila mkojo hupenya kwenye mbao na sungura huzitafuna, kwa hiyo kataa mbao zenye dawa au rangi isiyojulikana. Wavu mwembamba wa kuku huung'ata ukakatika. Tafuta waya uliochomelewa, unene wa milimita 1.6 au zaidi.

Ya nne: kizimba kidogo chenye trei ya plastiki. Ni cha kumsafirishia au kumuuguzia tu. Makao yanatakiwa kumruhusu aruke mara tatu mfululizo na asimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa paa.

Tanki la kioo usinunue kabisa: hewa haipiti, na harufu kali ya mkojo humchoma pua na mapafu.

Ukishakifikisha nyumbani, vaa soksi nyembamba mkononi upapase kila pembe kwa ndani. Inaponasa, pana ncha: ipige tupa, kisha msasa. Chunguza pia fito za mabati. Zinki yake ni sumu kwa sungura anayezitafuna, hivyo anayeng'ata fito kila siku mbadilishie kizimba. Kwenye choo chake usiweke mchanga wa paka unaogandamana, kwani akiumeza huziba utumbo, wala maranda ya mwerezi.