Kitanda na sahani: uzoefu wangu wa kumpokea mgeni wa kujitolea, Iringa

Hakunisalimia. Naanza na hilo kwa sababu kila nikitaka kuanza na mazuri, maana yapo, mkono unakwenda wenyewe kwenye ile simu. Kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, mratibu wa shirika linaloleta vijana wa Ulaya kujitolea huku kwetu, ananipigia mimi, mwalimu mstaafu niliyefundisha Kihesa mpaka baadhi ya wanafunzi wangu wana wajukuu, na neno lake la kwanza ni: "Sasa mama, nasikia unasumbua ofisi."

Nikamjibu, "Marahaba."

Hakuelewa. Aliendelea tu kuongea.

Jina la shirika silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na wengine watawajua kwa salamu zao.

Ilikuwa mwaka juzi, baridi ikianza kushika. Walikuwa wanatafuta nyumba za kupokea wageni, jirani akanitaja. Akaja dada mmoja na daftari, akakagua choo, akapima dirisha, akauliza kama nina neti, akafungua hata jiko langu akachungulia masufuria. Sikukasirika, niliona wako makini. Nikanunua godoro jipya, nikamwita fundi akabadilisha kitasa. Makubaliano yalikuwa shilingi 15,000 kwa siku, kitanda na milo mitatu. Na walilipa, tena kwa wakati. Sitawazulia.

Mgeni nilimpokea mwenyewe stendi ya Igumbilo, jioni. Binti wa Kijerumani, miaka 19, ametoka shule juzijuzi, uso wa kijani kwa kona za mlima Kitonga. Mgongoni begi kubwa kuliko yeye, mkononi kifuko cha vitunguu. Kumbe abiria mwenzake alimwambia huku kwetu mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu, basi lilipochelewa kidogo Ruaha Mbuyuni akanunua. Ametoka Ujerumani yote hiyo na zawadi ya kwanza aliyonipa ni vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Nilimpenda palepale, na hili linaniharibia hasira yangu mpaka leo.

Watu wanadhani baridi na mtu wa Ulaya ni ndugu. Uongo. Kwao baridi inabaki nje, ndani kuna mabomba ya joto. Iringa mwezi wa saba baridi inaingia nawe ndani, inakaa mezani, inapanda nawe kitandani. Nilimkuta asubuhi amevaa soksi mbili mbili, koti, na shuka la kimasai juu yake, anakunywa chai kwa mikono yote miwili kama bibi kizee. Juma la kwanza alilia sana. Alililia tumbo, aliwalilia watoto wanaomkimbilia njia nzima wakiita "mzungu", akamlilia na muuza nyanya aliyempa fungu la elfu moja kwa elfu tatu. Kesho yake nikarudi naye sokoni, sikugombana na mtu, nilimtambulisha tu: "Huyu mtoto wangu." Bei ikashuka hapohapo, na pilipili hoho ya nyongeza.

Naye hakuwa malaika. Alipiga picha watoto wa jirani wanaoga karai uani. Nikamuuliza, kwenu naweza kuingia ua wa mtu nikapiga watoto wake picha hivyo? Akawa mwekundu, akazifuta mbele yangu. Hatukurudia mazungumzo hayo tena.

Kazi waliyompa ilikuwa kwenye kituo cha watoto, kufundisha Kiingereza na "michezo". Hana mafunzo ya ualimu hata ya siku moja. Mimi nilikaa chuo kwanza ndipo nikapewa chaki, na bado mwaka wa kwanza nilitetemeka. Siku ya kwanza alirudi kimya. Nikamuuliza watoto wakoje. Akasema hawakumuuliza jina, walimuuliza, "Wewe unaondoka lini?" Wiki iliyotangulia alikuwa ameondoka mwingine, na kabla ya huyo mwingine. Wote wanaitwa anti. Anti huyu anakuja, anti yule anapanda basi. Hapo ndipo kidogo kidogo nilianza kuwatazama hawa watu wa shirika kwa jicho la pili, ila bado nilinyamaza. Wageni wa kujitolea si kitu kigeni kwetu, Peace Corps, wale vijana wa kujitolea wa Kimarekani, walifika Tanganyika 1961, mwaka wa Uhuru, mwaka niliozaliwa mimi, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuwapokea. Nikasema labda ndivyo mambo yanavyokwenda siku hizi.

Haukupita mwezi, wakaja maofisa wa Uhamiaji.

Wawili, mwanamke na mwanamume. Walibisha hodi, wakanisalimia vizuri, wakakaa, wakanywa chai. Waliomba pasipoti ya mgeni. Ndani kuna viza ya matembezi, ile ya dola 50 ya siku 90. Wakauliza, huyu anafanya nini kule kituoni? Nikasema anajitolea, kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayetaja jambo jema. Yule mama ofisa akanieleza taratibu, nami nikawa mwanafunzi nyumbani kwangu: kujitolea nako kunahitaji kibali, viza ya matembezi haitoshi. Vibali vya ukaazi viko kwa madaraja, A ya wawekezaji, B ya walioajiriwa, na C ndiyo yenye wanafunzi, watafiti, wamisionari na hawa wa kujitolea. Huyu hana C. Hana hata barua inayoonyesha imeombwa. Asiende kituoni mpaka kipatikane, na Jumatatu afike ofisini.

Sina neno baya juu yao. Lakini mjue, mwenye nyumba ndiye aliyeulizwa maswali. Si mratibu, si yule dada wa daftari aliyechungulia masufuria yangu. Ni mimi, majirani wamejaa uani wakijifanya wanaanua nguo, na binti amekaa kwenye kigoda anatetemeka, ananiuliza kama atafungwa.

Nilipiga ofisi ya shirika mara nne. Haipokelewi. Nikatuma ujumbe, mrefu, wenye heshima zote. Kesho yake ndiyo ikaja simu ile. Nasumbua ofisi. Nilipomueleza habari ya maofisa, alinikata katikati: "Mama, wewe kazi yako ni kitanda na sahani. Mambo ya vibali tuachie sisi. Wiki mbili yanaisha."

Kitanda na sahani.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu sana. Nikiwa nakoroga ugali, kitanda na sahani. Nikitandika shuka, kitanda na sahani. Aliyekesha na mtoto wa watu siku anaharisha na kutapika alikuwa nani, sahani? Aliyekaa na maofisa ni kitanda? Wazazi wake walipopiga simu ya picha, baba mtu akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa kunishukuru, alikuwa anakishukuru kitanda?

Usiku ule binti alileta kompyuta yake mezani akanionyesha karatasi ya malipo. Alitaka kunihakikishia kwamba yeye si mdanganyifu, kibali alikilipia. Ni kweli, kilikuwa na mstari wake peke yake, kimelipwa kabla hajapanda ndege. Na juu ya mstari huo palikuwa na ada yenyewe: euro 900 kwa mwezi. Nimefundisha hesabu darasa la saba, sikuhitaji kikokotoo. Ni zaidi ya milioni mbili. Mimi kwa mwezi napata laki nne na nusu, na humo humo ndimo mkaa, nyama, maziwa na maji ya kuoga ya moto. Kituoni, mlezi aliniambia, walipata mchele magunia mawili na boksi la kalamu. Sasa sikatai, ofisi ina kodi, gari linakunywa mafuta, na dada wa daftari naye ana watoto. Lakini ukila hela ya kibali, basi hata simu usipokee? Hata shikamoo ikushinde?

Binti alinieleza kwamba wenzake wengine wanakuja kwa mpango wa serikali yao unaoitwa weltwärts, ulioanza 2008, wa vijana wa miaka 18 hadi 28, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na serikali. Yeye alichelewa kuomba, akatafuta kwenye intaneti, akaangukia kwa hawa. Picha zao zilikuwa nzuri, alisema. Watoto wanacheka.

Basi akakaa nyumbani. Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa sita. Hata kunisaidia kupanga nyanya kwenye genge langu nilimkataza, isije nayo ikaitwa kazi. Na nitasema ukweli ingawa unanivunjia hoja: siku zile ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote. Alijifunza kusonga ugali mpaka mkono ukapata malengelenge. Alijifunza kusema "naomba" badala ya "nataka". Bibi wa nyumba ya pili alimfundisha Kihehe, akawa anawasalimia madereva bajaji "kamwene", nao wanaacha abiria wacheke kwanza. Siku moja walimwonjesha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wakamwambia ni mtogwa, ule mbichi usiochacha, mtamu tu, hauna shida. Haukuwa mtogwa. Siku hiyo niligombana na watu watatu.

Tukaenda Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nilisita kumpeleka, maana yeye ni Mjerumani na mimi ni Mhehe, na fuvu lake Mkwawa liko pale kwenye kioo linatazama. Hakuwahi kusikia habari zake shuleni, hata jina. Nikamweleza, Lugalo 1891 wazee wetu walikipiga kikosi cha Wajerumani na kamanda wao akafa, na 1898 Mkwawa akajiua kwa risasi asikamatwe, wakakata kichwa. Akauliza lilirudije. Nikamwambia Mkataba wa Versailles wa 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliwapa Wajerumani miezi sita walikabidhi. Likarudi 1954, kutoka Bremen. Alihesabu kwa vidole, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake: "Miezi sita ni kama wiki mbili za mratibu."

Nilicheka mpaka mhudumu akageuka. Pale mbele ya Mkwawa, Mungu anisamehe. Tukiwa njiani kurudi hakucheka tena. Aliniambia anaona aibu na hajui aiweke wapi. Nikamwambia ashike vizuri mayai, barabara ina mashimo.

Kibali kilipatikana, mwishoni kabisa. Alirudi kituoni wiki chache, akafundisha watoto nyimbo, akawaambia tarehe ya kuondoka siku ya kwanza kabla hawajauliza. Kisha akapanda basi la alfajiri. Mratibu alikuja stendi kumuaga, mara yangu ya kwanza kumwona kwa macho. Mrefu, shati limenyooka. Alimpiga binti picha nami, akasema ni ya ukurasa wao, "familia mwenyeji". Nilikataa. Binti naye akakataa. Akapiga picha ya basi.

Kwa hiyo kama wewe ni kijana wa nje na unasoma hapa kwa kutafsiriwa, nakuambia usije na watu hawa. Ukiona huoneshwi karatasi ya kibali daraja C yenye jina lako, usikate tiketi. Na kama ni mama mwenzangu wa Kihesa, Ipogolo, Mkwawa, wakija na daftari waambie chumba kimejaa. Wasikuone mjinga.

La, ngoja. Nisiseme chumba kimejaa. Yule binti angeenda wapi? Angepangiwa nyumba ya mtu anayesikia "kitanda na sahani" akaitikia sawa, maofisa wangemkuta peke yake. Kwa nyumba yangu, kumpokea yule mtoto ni jambo ambalo nisingelikosa kwa milioni mbili zao. Kwa ofisi yao, sifuri. Ninyi mnaotaka niwape alama, sijui mtaichanganyaje hiyo mpate moja. Nilipokuwa nasahihisha mitihani, mwanafunzi wa namna hii nilimwita nje nikamuuliza nani amemfanyia nusu ya kwanza.

Wiki iliyopita simu ililia, namba ya ofisi ileile. Nikaiacha ilie, nikaipokea kwa ukali tayari mdomoni. Sauti ya msichana, mpya. Akasema, "Shikamoo mama. Pole na kazi."

Ukali ukapotea sijui wapi. "Marahaba, mwanangu."

Wana mgeni mwingine, wa kiume, anatoka Denmark, anafika mwezi ujao. Nikauliza kibali chake kiko wapi. Akasema atanitumia nakala jioni ileile.

Hadi leo sijaiona. Shuka nimeshafua.