Mkeka wa faiba wa tangi la maji: angalia dawa ya nyuzi kabla ya unene

Tulipaka faiba, yaani mkeka wa nyuzi za kioo uliolowanishwa rezini (gundi ya majimaji inayoganda), ndani ya tangi letu la zege la maji ya mvua, Uyole, Mbeya. Mvua za msimu mmoja tu zilipokwisha, utando ukaanza kubanduka. Chini yake nyuzi zilikuwa nyeupe pe, zinachomoka kwa vidole, rezini haijazishika. Nilimlaumu fundi bure. Mkeka nilimnunulia mimi.

Wengi wenu mnaniuliza unene, gramu 300 au 450 kwa mita ya mraba. Chukua 450, tuendelee. Kinachosahaulika ni dawa inayopakwa kwenye nyuzi kiwandani. Kioo na rezini havipatani vyenyewe. Silani, kemikali iliyomo kwenye dawa hiyo, ndiyo huviunganisha. Dawa isipolingana na rezini, maji hupenya yakifuata unyuzi. Uzi wa glasi ya E, kioo cha kawaida cha faiba, huhimili mvuto wa takriban megapaskali 3,400, nondo haifikii hata robo yake, lakini nguvu hiyo haikusaidii kitu kama rezini imeuachia.

Mimi nanunua mkeka wa Advantex, glasi iliyobuniwa na Owens Corning, na nitaendelea kuinunua. Haina boroni, na huvumilia maji na asidi kuliko E ya kawaida. Ukiikosa, chukua mkeka wa E ulioshikanishwa kwa gundi ya unga. Ule wa gundi ya maji uachie mafundi wa bampa za magari. Ndani ya tangi hugeuka mweupe upesi.

Kitambaa cha kufuma cha nyuzi hizohizo nakiweka cha tatu, japo kina nguvu zaidi: glasi hufika karibu nusu ya uzito wa utando, kwenye mkeka ni kama theluthi. Kinataka kulazwa katikati ya mikeka miwili. Anayetumia rezini ya epoksi ndiye akiweke cha kwanza, kwa sababu gundi ya mkeka huyeyushwa na stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye rezini ya poliesta, na epoksi haina stairini.

Wavu wa faiba wa kupigia plasta ni wa bei rahisi. Usiuguse.

Kinachoniuma ni madukani. Lebo inachanwa, roli la mkeka linasimamishwa mlangoni lile vumbi na ukungu wa Juni, kisha unauziwa kwa mita, bei ileile iwe gramu 300 au 450. Ukiuliza gundi gani, unajibiwa, "Mama, faiba ni faiba." Si kweli! Omba kipande cha kiganja, kilaze juu ya kioo, kilowanishe kwa rezini utakayotumia. Kizuri nyuzi zake hupotea machoni ndani ya dakika chache. Kikibaki na weupe, mrudishie roli lake.