Unataka blogu nzuri? Templeti inunue mwisho: mwongozo kutoka Kigoma

Nilipoanzisha blogu yangu ya mapishi ya samaki wa ziwani, fedha yote ya mwanzo iliishia kwenye templeti, yaani sura ya blogu iliyotengenezwa tayari. Ilikuwa na picha kubwa zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa, herufi nyembamba za kijivu na menyu inayoteleza. Kwenye kompyuta ya rafiki yangu pale Mwanga ilipendeza mno. Nikaenda nayo mwaloni Kibirizi, kwa mama aliyenifundisha kumtambua dagaa aliyekauka sawasawa, nikamwomba aifungue kwenye simu yake. Akasubiri. Akaigeuza simu kukwepa jua, akasubiri tena, kisha akaniambia, "Mwanangu, mbona inazunguka tu?"

Yule mama ndiye ninayemwandikia. Kama hawezi kunisoma, urembo wote ule ni hasara. Kwa hiyo orodha hii ya njia za kupata blogu nimeipanga kwa kipimo kimoja: je, blogu itafunguka na kusomeka mwaloni saa saba mchana, kwa simu ya kawaida na bando dogo? Bei nimeitazama baada ya hapo.

Ya kwanza: Blogger yenye jina lako mwenyewe

Wapo watakaoshangaa kuona chombo cha kublogu cha mwaka 1999 kikiwa juu. Google iliinunua Blogger mwaka 2003, na hadi leo haikutozi chochote kuhifadhi maandishi yako. Unacholipia ni domeni tu, yaani jina la blogu. Domeni ya .com huwa kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka. Ya .co.tz unaipata kwa wasajili wa hapa nchini, na wengi wanapokea malipo kwa simu, jambo linalotuokoa sisi tusio na kadi ya benki. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipia wa kwanza, maana wako wanaouza jina kwa bei ya kutupa halafu wakakukamata wakati wa kulihuisha.

Ukiwa na jina lako, hata kesho ukihama Blogger unahama nalo, na wasomaji wanakukuta palepale. Ndiyo maana naliweka mbele ya templeti.

Kuhusu sura, Blogger ina templeti za bure zilizotoka mwaka 2017 ambazo hujipanga zenyewe kwenye simu. Kwa mtu wa maneno mengi napendekeza Notable. Kwa mwenye picha nyingi, mathalani anayetembeza wageni Gombe au Mahale, Soho inamfaa. Kisha ondoa vikorombwezo: saa, kalenda, kihesabu cha wageni, wimbo unaojipiga. Kila kimoja kinakula bando la msomaji na hakimpi kitu.

Udhaifu upo. Sura hazibadiliki sana, na nyumba ni ya Google, kampuni iliyokwisha kufunga huduma zake nyingine, kama Google Reader mwaka 2013. Kila mwezi pakua nakala ya makala zako zote. Kitufe kipo ndani ya mipangilio na kazi ni ya dakika chache.

Ya pili: WordPress kwenye hostingi unayolipia

WordPress ni programu ya kutengenezea blogu, ya bure tangu mwaka 2003, na uhuru wa kubadilisha sura ni mkubwa kuliko mahali pengine popote. Angekuwa anaandika muuza mawese wa Ujiji anayetaka pia kupokea oda, ningeipandisha iwe ya kwanza, kwani unaweza kuongeza duka ndani ya blogu hiyohiyo.

Kwa mwandishi wa kawaida naiweka ya pili kwa sababu ya bili. Unalipia jina, unalipia na hostingi, yaani nafasi ya kuihifadhi blogu mtandaoni. Mwaka ukiisha nawe umebanwa na ada za shule, hostingi inakatwa na blogu inazima. Nimeona blogu nzuri za watu wa hapa zikipotea hivyo, makala za miaka mitatu na picha zake zote. Tena lazima usasishe programu na plagini (vijiprogramu vya nyongeza) mara kwa mara, la sivyo unawafungulia wadukuzi mlango.

Ukiichagua, chukua templeti nyepesi ya bure: GeneratePress, Kadence, au ile inayokuja na programu yenyewe. Plagini zisizidi zile unazozitumia kweli.

Ya tatu: WordPress.com ya bure

Hii ni tovuti inayokuhifadhia blogu yenyewe, bila wewe kutafuta hostingi. Inafaa kujifunzia kwa mwezi mmoja. Anwani inabeba jina lao mwishoni, na matangazo yanayotokea si yako.

Ya nne: templeti ya kulipia

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Nyingi zinauzwa dola 40 hadi 70, na mfano unaoonyeshwa dukani unavutia kwa sababu umejazwa picha za wapigapicha wa kulipwa. Toa picha hizo, weka zako za simu, uone kinachobaki. Kabla ya kulipa, fungua mfano huo kwa simu yako ukitumia data, si WiFi ya ofisini. Halafu bandika anwani yake kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya ukurasa, usome upande wa simu. Google inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Ikizidi hapo kwa mbali, wacha. Angalia pia tarehe ya mwisho iliposasishwa, kwa sababu templeti iliyotelekezwa haina wa kuziba matundu yake.

Usiiguse kabisa: templeti ya kulipia inayogawiwa bure

Zinazunguka kwenye magrupu, zimevunjwa kufuli. Aliyeivunja mara nyingi ameficha humo msimbo wa kuwapeleka wasomaji wako kwenye kurasa za kamari au kuiba nywila zako. Tena ni wizi wa jasho la mtu.

Uzuri usiouzwa dukani

Sasa niseme jambo ninalolijali kuliko yote hapo juu. Blogu inapendeza kwa picha, herufi na nafasi, na vyote vitatu havihitaji shilingi.

Tuanze na picha. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 4. Weka kumi za dagaa walioanikwa na umemtoza msomaji MB 40 kwa makala moja! Zipunguze upana hadi pikseli 1200 na uzihifadhi kama WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, kwa kutumia Squoosh, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Zikifika KB 150 kila moja, zote kumi ni MB 1.5. Mama wa Kibirizi anaziona, na bando linabaki. Piga asubuhi mapema au jioni jua likielekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mwanga wa mchana kwenye mchanga unaunguza kila kitu kuwa cheupe.

Herufi za makala zisipungue pikseli 16, mimi natumia 18. Mstari kwenye kompyuta usizidi herufi 75 hivi, jicho lisipotee likirudi mwanzo. Aya ziwe fupi, na kati yake pawe na nafasi.

Rangi nayo ina hesabu yake. Viwango vya kimataifa vya usomaji vinataka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na mandharinyuma. Nilipenda sana rangi ya mawese, nikaandikia vichwa vya habari juu ya nyeupe, na juani havikuonekana. Sasa rangi hiyo ni utepe tu juu ya ukurasa, maandishi ni karibu meusi, na viungo ni buluu nzito ya ziwa.

Menyu iwe na vitu vinne au vitano, kwa Kiswahili: Mapishi, Safari, Kunihusu, Tafuta. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba.

Ukimpa fundi akutengenezee

Si vibaya, na vijana wanaoijua kazi hii wapo hapahapa mjini. Ila kwanza, kama utaandika habari na matukio, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kuhusu leseni kabla hujalipa chochote, maana kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja.

Halafu kagua umiliki. Rafiki yangu alitengenezewa blogu na fundi aliyesajili domeni kwa jina na barua pepe yake mwenyewe fundi. Walipokosana, rafiki yangu alianza upya kwa jina jingine, na wasomaji wa zamani hawakujua alikokwenda. Kwa hiyo nusu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka upate nywila zote, uingie wewe mwenyewe kwenye akaunti ya domeni, na uone jina lako limeandikwa sehemu ya mmiliki.