Vifaa vya kelingi: pesa yako ianzie kwenye jiwe, ufagio au viatu?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani nina vifaa vya kelingi, ule mchezo wa barafu ambao mmoja anasukuma jiwe, halafu wenzake wawili wanalitangulia wakifagia mbio mbio kana kwamba wageni wameshabisha hodi. Mimi mchezo huu naupenda mno, kwa hiyo leo nitawachosha kidogo na jiwe.

Hili hapa. Mviringo, limepigwa msasa, lina mpini juu, na uzito wake ni kati ya kilo 17 na 20. Mawe ya Olimpiki hutokana na graniti ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, pwani ya Uskoti. Mbona wanahangaika kwenda huko? Kwa sababu ipo graniti ya kisiwa kile isiyonyonya maji kirahisi. Maji yakipenya ndani ya jiwe yakaganda, yanatanuka na kulimegua, na jiwe lililomeguka chini haliaminiki tena.

Ngoja niligeuze. Mnaona? Katikati pamebonyea. Kinachogusa barafu ni huu ukingo mwembamba tu, milimita chache. Na barafu yenyewe si laini kama inavyoonekana kwenye runinga: kabla ya mechi hunyunyiziwa matone ya maji, yakaganda yakawa vipele, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Sasa utamu wenyewe: ukiliachia likizunguka kwa mwendo wa saa, litapinda kulia. Chukua glasi, ifudikize, iteleze mezani ikizunguka vivyo hivyo, itapinda kushoto! Wanafizikia wamelibishania jambo hili miaka mingi, na bado wanabishana.

Ufagio: mwepesi, mpini wa nyuzi za kaboni, kichwa cha kitambaa. Ukifagia kwa nguvu, barafu inapata joto kidogo, msuguano unapungua, jiwe linakwenda mbali zaidi na kunyooka zaidi. Msimu wa 2015 hadi 2016 viliingia vitambaa vikali hivi kwamba mfagiaji aliweza kuliongoza jiwe karibu atakavyo. Wachezaji wengi wakapinga, na Shirikisho la Kelingi Duniani likabana kanuni. Lilifanya vizuri kabisa. Jiwe likirushwa vibaya, ufagio usaidie, lakini usifute kosa lote.

Haya, viatu. Soli moja inateleza, nyingine ya mpira inashika barafu. Pesa yako ianzie hapa. Jiwe usinunue, vilabu vina mawe yao. Ufagio wa kuazima unatosha kujifunzia. Lakini urushaji wote unasimama juu ya mguu unaoteleza. Kiatu kikikupwaya, mwili unayumba, na mkono unalisukuma jiwe pembeni hata kama shabaha yako ni nzuri. Soli nene ya kutelezea huwa na kasi zaidi, kwa hiyo anayeanza achukue nyembamba. Hakikisha pia kuna kifuniko cha mpira cha kuivalisha soli hiyo wakati wa kufagia. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji unatumia mkono gani: wa kulia huteleza kwa mguu wa kushoto, wa kushoto kwa mguu wa kulia.