Street Fighter 6: chumba cha mazoezi na mbinu za jana zisizofua dafu leo

Gemu hii ya mapigano ya ana kwa ana ilitoka Juni 2, 2023, na kwangu imekuwa karakana zaidi kuliko uwanja wa mashindano. Kwa hiyo ninachokipima hapa ni chumba cha mazoezi na marudio ya mechi tu. Humo ndimo unamoona mbinu ikizaliwa, ikitamba, kisha ikipatiwa dawa.

Mwanzoni watu walikuwa wakikurushia Drive Impact tu, pigo zito la ghafla. Inakula kipande 1 kati ya 6 vya geji, yaani akiba yako ya nguvu, inahimili mapigo 2 bila kukatika, na ukiizuia ukiwa umeegemea ukuta unabamizwa. Dawa yake ilikuwa ndani ya namba: inachukua fremu 26 kabla ya kugonga, na sekunde moja ina fremu, yaani picha za mchezo, 60. Mrekodi mdoli, yaani mpinzani wa mazoezi, akichanganya mateke mepesi na Drive Impact bila mpangilio, nawe umjibu kwa Drive Impact yako. Anayetangulia ndiye anayeumia. Jicho likishazoea, mbinu ile inageuka zawadi.

Mkondo ukahamia Drive Rush, mbio za ghafla za kumsogelea mpinzani, kwa sababu pigo la kawaida linalotoka humo linaongezewa fremu 4 za faida. Hata ukizuia, mwenzako bado ana zamu, anakusogeza tu mpaka kona. Evo ya 2023, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, ilichukuliwa na AngryBird wa Falme za Kiarabu akiwa na mpiganaji Ken, na Ken sifa yake ni hiyohiyo: kombo moja, yaani mfululizo wa mapigo, na mgongo wako uko ukutani.

Kona ndipo ninapokisifia zaidi chumba hiki. Baadhi ya wapiganaji wakishakukamata na kukubwaga kwenye kona, wanaweza kukukamata tena unapoinuka. Mbwago wa kawaida unaondoa 1,200 kwenye uhai wa 10,000. Ukikamatwa ukiwa umeshikilia Drive Parry, ile kinga maalumu, mbwago unaondoa 2,040, yaani mara 5 na umekwisha. Kujitetea nafanya hivi. Naweka nafasi ya kuanzia kona, mgongo wangu ukutani, kisha narekodi vitendo vya mdoli kwenye rekodi 3 kati ya 8 zinazowezekana. Ya kwanza: anabwaga, anasogea, anakamata tena. Ya pili: anabwaga, anapiga ngumi nyepesi wakati wa kuinuka kwangu. Ya tatu: anabwaga, anarudi hatua moja nyuma, anasubiri nikamate hewa ndipo anipige. Zote nazicheza kwa bahati nasibu.

Kosa la wengi ni kurekodi ngumi kwa kuchelewa, halafu wanajisifu kwamba wanatoka. Kipimo chake ni rahisi: kwenye rekodi ya pili shikilia juu. Ukifanikiwa kuruka, rekodi ni mbovu, ifute. Ikiwa sahihi, ngumi inakukuta kabla miguu haijaacha ardhi, kwa kuwa kuruka kunaanza na fremu 4 ukiwa bado chini. Mstari wa fremu chini ya skrini unaonyesha pengo lilipo.

Mei 2024, mpiganaji mpya Akuma alipoingia, kanuni ikabadilika: ukawa unaweza kutumia Drive Reversal, pigo la kujinasua, wakati wa kuinuka, kwa vipande 2 vya geji. Wiki za kwanza ilikuwa nafuu kubwa. Kisha washambuliaji wakajifunza kusogea, kutofanya chochote, na kuizuia. Zamu inabaki yao, na wewe umepungukiwa geji. Geji ikifika sifuri, kila pigo unalozuia linawapa fremu 4 zaidi, na Drive Impact kwenye kona inakuacha umepigwa bumbuwazi. Binafsi natumia Drive Reversal nikiwa na vipande 4 au zaidi tu.

Kwa marudio, chuja kwa mpiganaji wako na daraja la Master, uchukue mechi zilizochezwa baada ya sasisho. Usianze na mshindi. Mwangalie aliyeshindwa raundi ya kwanza: anachobadilisha raundi ya pili ndicho utakachokutana nacho mwezi ujao.

Kasoro? Menyu ni msitu, na Kiswahili hakimo. Tena mtandaoni kuna ucheleweshaji: Drive Impact unayoijibu kila mara nyumbani itakupita ukicheza na mtu wa bara jingine. Tumia waya badala ya waifai.

Sasisho jipya likitoka, pitia rekodi zako zote kwa mstari wa fremu kabla hujazifanyia zoezi tena.