Tera Term 5 kwa mtu wa mitandao: makro za TTL na kusafirisha mafaili

Karibuni watazamaji. Leo tunaichambua Tera Term, programu ya bure ya terminali kwa Windows, yaani dirisha la kuandikia amri kwenye swichi na seva. Ilianzishwa na Takashi Teranishi huko Japani miaka ya 1990, sasa inaendelezwa kama programu huria, na toleo la 5 lilitoka mwaka 2023. Kufungua SSH (kuingia kifaa cha mbali kwa njia salama) au konsoli (kwa kebo ya moja kwa moja) kila programu ya aina hii inaweza, kwa hiyo hapo sikai. Nataka tuangalie mambo mawili: lugha yake ya makro (amri unazoziandika zijiendeshe zenyewe), inayoitwa TTL, na njia zake za kusafirisha mafaili. Kwa mambo hayo naiweka mbele ya PuTTY, terminali nyingine ya bure, bila kusita, kwa sababu PuTTY haina makro wala ZMODEM (njia ya kutuma mafaili) ndani yake, na ukitaka kunakili faili lazima utoke uende kwenye programu yake ya pembeni, pscp.

Tuanze na makro. Kazi yetu ni kuchukua bakapu ya mipangilio ya swichi ya Cisco. Fungua Notepad, andika haya, hifadhi kwa jina linaloishia na .ttl:

timeout = 15
getpassword 'siri.dat' 'ghala' neno
njia = '192.168.10.2:22 /ssh /2 /auth=password /user=bakapu /passwd='
strconcat njia neno
connect njia
if result <> 2 goto imeshindwa
wait 'SW-GHALA#'
if result = 0 goto imeshindwa
sendln 'terminal length 0'
wait 'SW-GHALA#'
logopen 'ghala.txt' 0 0
sendln 'show running-config'
wait 'SW-GHALA#'
logclose
sendln 'exit'
end
:imeshindwa
messagebox 'Swichi haikupatikana' 'Bakapu'

Hapa mtumiaji "bakapu" anaingia moja kwa moja kwenye alama ya #. Kama wako anaishia kwenye >, ongeza hatua ya enable, amri ya kukufikisha kwenye #.

Sasa angalieni mstari wa wait, yaani subiri mpaka maneno haya yatokee kwenye skrini, maana hapo ndipo makro nyingi zinapofia. Watu wengi wanaandika wait '#' na kuona inatosha. Swichi nyingi zina bango la onyo linalotokea kabla hujaingia, limezungushiwa alama za # kama fremu. Makro inaiona # ya kwanza ya bango, inadhani imeshafika, inarusha amri kabla swichi haijawa tayari. Kuanzia hapo kila wait iko hatua moja mbele ya ukweli, na mwisho unapata faili la bakapu lenye mistari mitatu. Makro haikulalamika popote, kwa hiyo utagundua siku swichi imeungua na unaitafuta hiyo bakapu. Dawa ni kusubiri jina kamili la kifaa pamoja na alama yake, SW-GHALA#. Ndani ya mipangilio jina hilo limeandikwa bila #, kwa hiyo haliwezi kuidanganya makro katikati ya kazi.

La pili ni timeout. Usipoiweka, au ukiiweka sifuri, wait itasubiri milele. Ukiiweka 15, baada ya sekunde 15 inaendelea na result inakuwa 0. Inaendelea, haisimami! Ndiyo maana kila wait ya maana inapaswa kufuatiwa na kuikagua result. Hapa nimekagua moja tu ili muone umbo lake. Kwenye kazi halisi kagua zote, na ile ya mwisho ndiyo usiiache kabisa. Wait moja inapokea hadi maneno 10, na result inakupa namba ya lile lililofika, kwa hiyo unaweza kusubiri mafanikio na ujumbe wa kosa kwa pamoja.

Na terminal length 0 si pambo. Bila hiyo swichi inasimama kwenye --More-- ikingoja ubonyeze kitufe, na makro inangoja jina. Wote wawili wanangojeana mpaka muda uishe.

Ukiwa na swichi 40, usinakili makro mara 40. Weka anwani na majina kwenye faili la maandishi, lisome mstari kwa mstari kwa fileopen na filereadln. Kwanza lakini ingia kila kifaa kwa mkono mara moja, kwa sababu SSH ikikutana na ufunguo mpya inafungua dirisha la onyo na makro inakwama hapo. Na ukiiendesha kwa ratiba ya Windows kupitia ttpmacro.exe, ondoa messagebox, maana usiku hakuna wa kubofya OK. Andika kosa kwenye faili kwa filewrite.

Nenosiri: getpassword inaliuliza mara ya kwanza, kisha inalitunza kwenye siri.dat. Ni bora kuliko kuliacha wazi ndani ya makro, ila ufichaji wake ni hafifu. Lichukulie faili hilo kama nenosiri lenyewe, na mpe yule mtumiaji wa bakapu ruhusa za kusoma tu.

Twende kwenye mafaili. Kwa seva ya Linux uliyoingia kwa SSH, SCP, yaani kunakili faili kupitia SSH, ndiyo njia fupi: menyu ya File, kisha SSH SCP, au buruta faili ulidondoshe kwenye dirisha. Kwenye makro kuna scpsend na scprecv. Usirukie amri inayofuata kwa kudhani faili limefika. Tuma sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili, upande wa pili ulinganishe.

SCP ina mpaka wake. Inafika kwenye mashine uliyounganika nayo moja kwa moja, basi. Ukiwa umeingia seva A, na kutoka A ukaingia B, faili litaishia A. Hapo ndipo ZMODEM inapong'ara, kwa sababu inapita ndani ya maandishi yale yale unayoyaona kwenye skrini, na skrini yako iko B. Sakinisha lrzsz, kifurushi chenye amri za rz na sz, kule B. Kuchukua faili unaandika sz ripoti.tar.gz, halafu File, Transfer, ZMODEM, Receive. Kupeleka, unaandika rz, halafu File, Transfer, ZMODEM, Send. Weka alama kwenye Binary. Ukiiacha, miisho ya mistari inaweza kubadilishwa na faili la zip halitafunguka. Ukiwa ndani ya tmux au screen (programu za kugawa terminali) toka kwanza, vinavuruga mkondo. Na ikikwama ukaona takataka kwenye skrini, bonyeza Ctrl+X mara tano, inaachia.

Sasa hali ngumu kuliko zote: swichi ya Cisco Catalyst 2960 imepoteza programu yake endeshi, imesimama kwenye alama ya switch:, na huna kitu ila kebo ya konsoli. Hapo ni XMODEM, njia ya zamani ya kutuma faili kupitia kebo hiyo. Piga hesabu kabla hujaanza. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde kila baiti inabeba biti 10 njiani, kwa hiyo zinapita baiti 960 kwa sekunde. Faili la baiti milioni 10 litakula karibu saa tatu, bila kuhesabu kwamba XMODEM inatuma baiti 128 na kungoja jibu kila mara. Kwa 115200 ni kama robo saa.

Kwa hiyo andika flash_init, kisha set BAUD 115200. Skrini itajaa alama za ajabu; hiyo ni kawaida, swichi imeshabadili kasi na wewe bado. Nenda Setup, Serial port, weka 115200, na flow control iwe none. Ukiacha Xon/Xoff, baiti fulani za faili zitachukuliwa kama amri ya kusimama na usafirishaji utakatika. Andika copy xmodem: flash: ukiambatanisha jina la faili. Zikianza kutokea herufi C moja moja, swichi inakuita: File, Transfer, XMODEM, Send, chagua 1K, yaani vipande vya baiti 1024 badala ya 128. Likiisha, andika unset BAUD na urudishe Tera Term kwenye 9600 kabla ya kuiwasha swichi kwa boot. Ukisahau hatua hiyo, fundi atakayekuja baada yako na 9600 ataona takataka tupu na kudhani konsoli imekufa.

Swichi ikishaamka na unabandika mipangilio mirefu kupitia kebo hiyo hiyo, rudi Setup, Serial port, kwenye Transmit delay. Anza na milisekunde 5 kwa herufi na 100 kwa mstari. Ikiwa sifuri, swichi inazidiwa na herufi zinadondoka: VLAN 110, yaani namba ya kigawanyo cha mtandao, inaingia kama VLAN 10, na swichi inaikubali bila neno.

Kasoro zake? Ni ya Windows tu, haina tabo, kila muunganisho ni dirisha lake, na TTL ni lugha ya kizamani. SecureCRT, terminali nyingine, ina tabo na inaendesha Python, ila ni ya kulipia. Kama ofisi inalipa na timu yenu inaandika Python kila siku, ichukueni hiyo. Fundi anayejitegemea asakinishe Tera Term, na aichukue makro hii aibadilishe jina la SW-GHALA liwe la kifaa chake.