TAHADHARI: huyu muuza fremu za baiskeli "nyepesi" mwenye mizani ya kuning'iniza, msinunue kwake

Jamani naandika hii nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na siku nne nimekaa nayo kimya kwa sababu ya aibu. Kuna mtu anauza fremu za chuma mtandaoni, anaziita fremu nyepesi za mjini, bei ya kawaida, "chuma cha zamani chenye heshima yake". Amenipiga. Amenipiga mchana kweupe, mizani iko mbele ya macho yangu, halafu na mimi nikamshukuru na kumuombea baraka. Nikinyamaza atawapiga na nyinyi.

Wanaonijua wanajua kilichoipata ile baiskeli ya kwanza na wanajua habari ya ngazi ninazopandisha baiskeli, sirudii. Ninachotaka mjue ni kwamba sikukurupuka. Nilisoma karibu mwezi mzima, usiku usiku, mpaka nyumbani wakanichoka. Nilishajua sitaki aluminiamu kwa sababu napita barabara mbovu kila siku na nataka kitu ambacho kikipata shida fundi mwenye moto anaweza kukirudisha. Nilishajua nataka matundu ya kufungia keria na madigadi, nataka nafasi ya tairi nene kidogo, na nilishajua kwamba fremu nzuri ya chuma yenye paipu nyembamba inacheza kwenye kilo mbili hivi, na ile ya chuma cha kawaida inafika tatu na zaidi. Hiyo kilo moja kwa mtu anayekaa juu na kubeba baiskeli begani asubuhi na jioni sio kitu kidogo. Kwa hiyo nilikuwa najua cha kuuliza, na ndiyo maana inaniuma hivi.

Sasa sikilizeni alivyonifanya.

Nilipompigia hakunisukuma hata kidogo. Wengine wote walikuwa wananiuliza napenda rangi gani, yeye akaniuliza, "Dada yangu, baiskeli utakuwa unaipandisha ngazi au unaiacha chini?" Hapo hapo nikalegea. Nikaona huyu anaelewa baiskeli. Nikamwambia ngazi, akasema basi usichukue hii niliyotangaza, hiyo nzito, njoo nikuonyeshe nyingine nimeihifadhi. Yaani alinikataza kununua kitu chake mwenyewe! Nani angemtilia shaka mtu wa hivyo?

Nilipofika fremu ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa, imepakwa rangi ya kijani iliyoiva, inang'aa. Kwenye paipu ya siti kuna stika ya 531, jina la chuma maarufu cha kutengenezea paipu nyembamba. Akaanza yeye mwenyewe kunionyesha kasoro, akaigeuza, akanionyesha mkwaruzo kwenye paipu za nyuma karibu na gurudumu linapokaa, akasema "sipendi kumficha mtu, angalia hapa, imekwaruzwa na mnyororo". Nikainama nikaangalia ule mkwaruzo dakika mbili nzima. Baadaye sana ndiyo nimeelewa kwa nini alitaka macho yangu yawe nyuma.

Halafu ikaja mizani. Ni ile ndogo ya kidijitali ya kuning'iniza, yenye ndoano, kama ya kupimia mabegi ya safari. Akasema "usiniamini mimi, iamini mizani". Akachukua kufuli la baiskeli, lile la mnyororo mnene wenye kitambaa cheusi, akalitundika, mizani ikasoma 1.2, akasema unaona inafanya kazi, kufuli kama hili ni kilo moja na kitu. Nikasema naona. Kufuli likiwa bado linaning'inia akabonyeza kitufe, akasema tunairudisha sifuri, na kweli ikasoma 0.0. Akatoa kufuli. Hapo kwenye kioo pakatokea kistari kidogo mbele ya namba. Nilikiona jamani. Nilikiona kwa macho yangu haya mawili, kistari halafu 1.2, ikakaa kama sekunde mbili hivi, nikadhani ndiyo namba ya kufuli haijafutika. Akatundika fremu fasta, ikatulia kwenye 1.9.

Kilo moja na pointi tisa. Nilifurahi mpaka nikapiga picha ya kile kioo.

Mmeshaelewa? Alipobonyeza kile kitufe kufuli lilikuwa bado lipo juu. Mizani ikachukulia kwamba uzito wa kufuli ndiyo sifuri, kwa hiyo kila kitakachotundikwa baada ya hapo kinapunguzwa kilo 1.2. Fremu ni kilo 3.1. Toa 1.2 unapata 1.9. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na mimi nilisimama pale nampa hela.

Na msiniulize kwa nini sikuinyanyua kwa mkono, niliinyanyua. Lakini kumbukeni nimezoea kunyanyua baiskeli nzima, ina magurudumu, ina cheni, ina siti, kila kitu. Ukishazoea mzigo huo, fremu tupu ya aina yoyote utaiona kama karatasi. Mkono haukuambii tofauti ya kilo mbili na tatu kama huna nyingine ya kulinganisha pembeni, na yeye hakuwa na nyingine pembeni, zote alikuwa amezirudisha ndani. Sasa hivi hata hilo naona alilipanga.

Nimefika nyumbani nataka kuanza kuhamisha vitu vyangu. Nina lile bomba la siti la baiskeli ya zamani, lile linaloingia ndani ya paipu ya siti, limegongwa namba 27.2, yaani milimita za upana wake, zuri kabisa, nikajua litaingia kwa sababu kila nilichosoma kinasema fremu za 531 za paipu za kipimo cha kawaida mara nyingi zinachukua hiyo 27.2. Haliingii. Halikaribii hata kuingia. Nikampigia, akacheka kwa upole ule ule, "Dada yangu hiyo ni rangi tu imeingia ndani, piga msasa taratibu". Na mimi nikapiga msasa. Nilikaa sakafuni jioni nzima nazungusha msasa kwenye kijiti ndani ya ile paipu, vumbi la chuma limenijaa kwenye kucha, mwanangu ananiuliza mama unafanya nini. Kesho yake ndiyo nikaipeleka kwa fundi.

Fundi ni mzee mtu mzima, haongei sana. Alichukua kipimo chake, akapima tundu la ndani akasema 25.4. Akapima paipu kwa nje akasema 28.6. Akaniangalia. Akasema, mama, hapa ukuta wa paipu ni milimita 1.6, bomba lako la 27.2 lilikuwa linataka ukuta wa 0.7 hivi, ungepiga msasa mpaka mwakani.

Nikamuuliza sasa si ni chuma kizuri lakini? Akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekielewa vizuri pamoja na kusoma kwangu kote. Chuma cha bei poa na chuma cha bei mbaya vina uzito ule ule, karibu gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo, hakuna chuma chepesi. Kinachofanya fremu iwe nyepesi ni kwamba chuma chenye nguvu zaidi kinakubali kutengenezwa paipu nyembamba bila kubonyea, na zile nzuri wanazipunguza zaidi katikati halafu ncha wanaziacha nene, kwa sababu kwenye ncha ndiko kwenye moto na mzigo. Ukiona ukuta mnene kiasi hiki kwenye paipu ya siti, stika iseme itakavyo, hiyo ni chuma cha kawaida. Akaendelea, kwanza huyu mtu alikwambia ni nini? Nikasema kromoli, yaani chuma cha kromiamu na molibdenamu, 531. Akatikisa kichwa. 531 ilianza kuuzwa 1935 na wala sio kromoli, ni chuma cha manganizi na molibdenamu, na kiliunganishwa kwa shaba au fedha iliyoyeyushwa, mara nyingi kwenye soketi, kwa sababu ukikichomelea kwa welding kinapoteza nguvu pembeni ya kiungo. Akaniwekea kidole kwenye kiungo cha fremu yangu. Welding tupu, imetuna kama kiwavi. Kwa hiyo jina la chuma na stika vinabishana, na stika na viungo vinabishana, vyote kwenye fremu moja, na mimi mwezi mzima nasoma sikuliona hilo.

Nilidhani ameshamaliza. Akachukua sumaku ndogo, akaanza kuitembeza chini ya ile paipu kubwa inayoshuka kutoka kwenye steling. Inashika, inashika, inashika, ikafika kama vidole vitatu nyuma ya kiungo cha mbele ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena. Akakwangua na bisibisi, rangi ya kijani ikatoka, chini yake unga mweupe. Puti. Chini ya puti chuma kimejikunja, mkunjo mmoja unaoushika kwa ukucha. Akasema hii imeshagonga kitu kwa mbele kwa nguvu, imepinda, wameivuta, wameifunika. Akaniambia nisiipande hata kwenda dukani.

Hapo ndipo nililia, nasema ukweli. Hela inauma, lakini mimi nambeba mtoto nyuma. Huyu mtu alijua nambeba mtoto kwa sababu nilimwambia nataka matundu ya keria ya kufungia kiti cha mtoto, akanijibu "matundu yapo, yako imara kabisa". Alijua kuna mkunjo chini ya rangi yake halafu akaniambia imara kabisa. Huo sio utapeli wa uzito peke yake, huko ni kucheza na roho ya mtu. Mtu wa hivyo anatakiwa awe mahabusu, sio anapakia picha mpya kila wiki. Nimesharipoti kwa polisi na nimewapa ile picha ya mizani na meseji zote, na kama na wewe alishakuuzia naomba ukaripoti pia, tusimuache, tukienda wengi hawezi kusema ni bahati mbaya. Arudishe hela za watu wote, zile fremu zote zikatwe na msumeno mbele yake zisiuzwe tena, na mizani yake ichukuliwe iwe ushahidi.

Nilipompigia mara ya mwisho nikamwambia tu neno moja, "puti", akakata. Kuanzia hapo namba haipatikani na nimeblokiwa.

Mtu akiniuliza ningeangalia nini, haya naandika haraka haraka kwa sababu hasira haijanitoka. Nenda na mizani yako, au simama kwenye ile ya kujipimia nyumbani ukiwa na fremu na bila fremu, utajua. Mizani ya mtu ikionyesha kistari kabla hajatundika kitu, ondoka. Bomba la siti mwambie alitoe, soma namba iliyogongwa, 25.4 kwenye paipu ya 28.6 ni nzito, usibishane. Namba nyingine za katikati zipo, 26.8, 27.0, hizo uliza fundi. Sumaku ya friji itembeze chini ya ile paipu inayoshuka kutoka kwenye steling, na pitisha ukucha hapo hapo kwenye mwanga. Na akikuonyesha kasoro nyuma, wewe nenda mbele. Kuna na ile ya kufunga uzi kutoka kwenye ekseli ya nyuma upande mmoja, unauzungusha mbele ya paipu ya steling unarudi upande wa pili, unapima kama uzi uko mbali sawasawa na paipu ya siti kushoto na kulia, kama haiko sawa fremu imepinda. Hiyo fundi alinifanyia mwishoni, yangu ilipishana milimita 7.

Anatumia jina jipya sasa, rafiki yangu ndiye kanitumia tangazo jana usiku. Fremu ni ya bluu, stika ile ile, anasema kilo 1.9. Kuzeni picha ya tatu muangalie ukutani nyuma ya fremu. Lile kufuli la mnyororo lenye kitambaa cheusi limetundikwa pale pale.